Bibi Yangu, Mlipakodi

Jumatatu, 1 Julai

Mwaka mpya wa fedha wa serikali umeanza leo. Nimeamua na wangu uanze. Baridi kali mno. Upepo unaingia hadi ndani ya soksi.

Asubuhi bombani Mama Isdori, jirani yetu, aliuliza kama hela za kaya maskini, zile za ruzuku ya serikali, zinakatwa kodi. Bibi yangu, ambaye anazipokea hizo hela, alinitazama mimi, kwa kuwa katika nyumba yetu mimi ndiye niliyesoma. Nina shahada ya maendeleo ya jamii. Nikasema hapana, hazikatwi. Nilisema taratibu, kama mtu anayejua. Watu wakaanza kupumua. Ndipo Tusajigwe, mwenye duka la kutoa kopi karibu na ofisi ya mtaa, akatua ndoo yake na kusema, "Inategemea."

Wote wakamgeukia yeye. Inategemea nini? Hakusema. Alijitwisha ndoo, akaenda zake, na wanawake wawili wakamfuata wakimuuliza habari za mbolea ya ruzuku. Huyu nilisoma naye sekondari. Mimi nilikuwa nasoma, yeye alikuwa anacheka. Sasa ana mashine ya kopi na anaitwa dada.

Nimewaza siku nzima. Kizwite nzima, mtaa wetu huu, imejaa maswali. Serikali inatoa kwa mkono huu na inapokea kwa mkono ule, na katikati ya mikono miwili hakuna mtu wa kueleza. Mtu huyo ni mimi. Nitaweka meza kibarazani kwa Bibi. Nitajibu maswali ya ruzuku na kodi. Watu watalipa walichonacho.

Bibi nilipomweleza aliuliza kama meza hiyo ni ile anayoanikia sahani. Ndiyo, ndiyo hiyo.

Jumanne, 2 Julai

Kikwazo. Biashara inataka namba ya mlipakodi. Nikiichukua kwa jina langu, mfumo wa ajira serikalini utaniona nimeshajiajiri, na maombi yangu yote niliyotuma yatatupwa. Hili nimelisikia kwa wahitimu wenzangu watatu, na wote hawana kazi, kwa hiyo wanajua.

Nikakaa jikoni nikafikiri hadi maharage yakaungua. Kisha likaja jibu, safi kabisa. Hela za kaya maskini hazikatwi kodi. Bibi anaishi kwa hela za kaya maskini. Kwa hiyo Bibi hakatwi kodi. Kwa hiyo chochote chenye jina la Bibi hakikatwi kodi. Nililipitia mara kadhaa nikitafuta ufa. Sikuuona.

Biashara itakuwa ya Bibi. Mimi nitakuwa mjukuu anayesaidia.

Bibi alikubali haraka mno. Aliuliza tu kama atahitaji kuvaa kitenge kizuri.

Alhamisi, 4 Julai

Tumekwenda ofisi ya mapato mjini. Bibi alivaa kitenge cha Pasaka. Walimpa kiti. Dada wa mezani alimwamkia shikamoo, akamwita mama, akamuuliza habari za safari. Bibi hajawahi kupewa kiti katika ofisi yoyote. Alikaa kama askofu.

Alama za vidole zilisumbua. Vidole vya Bibi vimesuguliwa na mpini wa jembe hadi mistari ikafutika, mashine ikawa inakataa. Dada akamfuta kwa kitambaa, akambembeleza, ikakubali cha kati. Bibi akasema kumbe hata mashine inataka kubembelezwa.

Yule dada akauliza ni biashara gani. Bibi akasema yeye ni mkulima, ana kipande kidogo cha mahindi na ulezi huko Kasense. Nikaingilia. Nikasema ushauri elekezi. Dada akanitazama, akauliza mauzo ya mwaka tunayategemea kiasi gani.

Hapa nilipata mawazo mawili kwa pamoja. La kwanza, ofisi ya ushauri yenye mauzo madogo inatia aibu. La pili, nilisoma mahali kwamba fedha za kuchochea uchumi zikitoka, huwa zinaangalia ukubwa wa biashara. Nikataja kiasi kikubwa. Dada akaweka kalamu chini. Akaniuliza kwa upole kama nina uhakika, maana makadirio ya kodi yatafuata nilichotaja, na biashara ndogo kabisa ina unafuu wake. Nilimwambia tuna uhakika. Akauliza tena. Nikamwambia tena.

Nilimuuliza pia, kwa mbali, kama ni kweli kwamba mwenye namba hapati ajira serikalini. Alisema havihusiani hata kidogo. Ni mtu mwema, ila hawezi kuwaambia watu kila kitu, yuko kazini.

Tumerudi na cheti. Bibi Hellena, mshauri elekezi. Alikibeba mwenyewe njia nzima, mbele, kama picha ya ndoa.

Ijumaa, 5 Julai

Nimepata rangi ya mafuta ya bluu kwa fundi wa milango. Nimeandika ukutani, upande wa barabarani, kwa herufi kubwa: BIBI HELLENA, MSHAURI ELEKEZI WA RUZUKU NA KODI. Cheti nimekitundika chini yake. Pazuri.

Wateja wamekuja. Nimejibu yote.

Mama Isdori: marehemu mumewe alikuwa na namba, je, deni lake linamfuata yeye? Nikamwambia kodi inakufa na mtu. Alilia kwa furaha, akaniachia maharage.

Kijana mmoja mwenye bodaboda: mkopo wa vijana wa halmashauri ni zawadi? Nikamwambia kama umeitwa mkopo kwa heshima tu, basi ni zawadi. Hakuelewa. Hata mimi sasa nikilisoma silielewi, lakini pale lilikuwa wazi.

Mwanamke wa Mollo: akipewa mbolea ya ruzuku kisha mvua ikaharibu mahindi, atairudisha mbolea? Hapo nilisita. Nikamwambia airudishe iliyobaki.

Jioni nikaambiwa wote watatu walipita baadaye dukani kwa Tusajigwe kuhakikisha. Aliwaambia inategemea, na kwamba walete kopi mbili za kitambulisho. Wamemlipa kopi. Alimwambia Mama Isdori amsalimie msomi wetu, yaani mimi. Sikusalimiwa. Nimezikataa hizo salamu.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Misa ya kwanza. Bibi amewaambia wanawake wa jumuiya kwamba yeye sasa ni mlipakodi. Mama mmoja akamtania, "Hellena, utatununulia na barabara?" Bibi akajibu kwamba lami ya kuelekea Kizwite ni yake, wapite taratibu.

Nilijaribu kumweleza kwamba jambo lenyewe ni la siri kidogo. Aliuliza siri gani imeandikwa ukutani kwa rangi ya bluu.

Mchana alikuja Mzee Ndalahwa, mfugaji, Msukuma aliyehamia upande wa Mollo kitambo na ng'ombe wake. Nilimwamkia, nikampa kigoda. Swali lake: ng'ombe anatozwa kodi akiwa anatembea, au mpaka auzwe? Amesikia mambo mengi mnadani na kila mtu anasema lake.

Sikujua. Lakini mtu akishaweka meza, hawezi kusema hajui. Nikatumia kanuni yangu. Nikamwambia mali iliyoko mikononi mwa kaya inayopokea ruzuku haiguswi. Akafikiri. Akasema kwao hilo si geni, Msukuma haweki ng'ombe wote zizi moja. Wengine huwakabidhi kwa mtu mwaminifu, huyo anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe. Nikasema naam, serikali na Wasukuma wanawaza pamoja. Akauliza ni kaya gani ya ruzuku ninayoiamini. Nikamwambia mshauri hataji majina.

Akatazama uwanja wetu. Akatazama migomba. Akamtazama Bibi aliyekuwa anapepeta ulezi. Kisha akaniachia jogoo, akaenda.

Jogoo mkubwa sana. Nadhani nimeanza kufahamika.

Jumatano, 10 Julai

Makadirio yamekuja kwenye simu. Simu ni ya Bibi, ujumbe nimeusoma mimi. Nimeusoma nimesimama, kisha nimeketi. Yule dada alisema kweli: kodi imefuata kile nilichotaja. Kwa mwendo wa malipo ya maharage na jogoo mmoja, Bibi atamaliza kulipa akiwa mbinguni.

Halafu, mchana huohuo, mwenyekiti wetu wa mtaa Mzee Alois amepita nyumba kwa nyumba. Ijumaa kuna uhakiki. Wawezeshaji wa mpango wa kaya maskini wanakuja, wataingia kila nyumba inayopokea, kisha mkutano wa mtaa mzima, na majirani watasema wazi nani bado ana hali ngumu na nani ameinuka. Aliyeinuka anaondolewa.

Aliposema "aliyeinuka" alikuwa anasoma ukuta wetu. Akausoma mpaka mwisho. Akasema, "Hongereni," akaenda nyumba inayofuata.

Nimekaa jikoni. Bila zile hela Bibi hanunui dawa zake za presha, na shamba la Kasense halipati mbegu msimu ujao. Ninajua bei ya kila kitu kinachotoka humo kwa sababu na mimi ninakila. Nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimejenga hoja nzuri na kila jiwe lake lilikuwa sahihi. Kama Bibi ni maskini, hatozwi. Lakini kama anatozwa, si maskini. Kwa hiyo serikali yenyewe inamuona tajiri na maskini kwa wakati mmoja, na itabidi ichague, na mimi ndiye niliyeisaidia kuchagua.

Kesho asubuhi na mapema nitaifunga hiyo biashara.

Alhamisi, 11 Julai

Haifungwi na mjukuu. Dada yuleyule, mpole vilevile, amesema mwenye biashara aje mwenyewe na barua ya kuomba kufunga, na makadirio yataangaliwa upya akieleza hali halisi. Rahisi kabisa. Nikarudi mbio kumchukua Bibi.

Bibi amekataa.

Amesema ameishi miaka yote hii na ofisi pekee iliyomjua ni zahanati. Sasa ana ofisi inayompa kiti, na mimi nataka akaiambie kwaheri. Nikamweleza kuhusu uhakiki, kuhusu kuondolewa. Akasema kama serikali ni moja, itaelewana yenyewe kwa yenyewe. Nikasema haielewani. Akasema basi nikaielewanishe, si ndiyo kazi iliyoandikwa ukutani?

Nimeng'oa cheti. Rangi ya bluu nimeisugua kwa mafuta ya taa, kwa majivu, kwa mchanga. Fundi wa milango alisema ukweli, rangi ile ni ya kudumu. Nimetundika kile kitenge cha Pasaka juu yake, kama nguo iliyoanikwa. Ukisimama mbali huoni kitu.

Tusajigwe alipita. Alisimama. Akasema Bertha, mbona mnaanika nguo kavu. Nikakinyoosha kitenge. Akaniambia polepole, bila kucheka, kwamba nikitaka kuandika barua ya Bibi ya kufunga biashara, ataniandikia na kunichapia bila malipo. Nilimwambia inategemea. Nikaingia ndani.

Ijumaa, 12 Julai

Sijui nianzie wapi. Naanza na ng'ombe.

Asubuhi nilifungua mlango na uwanja ulikuwa umejaa. Ng'ombe sita. Mzee Ndalahwa alikuwa anafunga wa mwisho kwenye mgomba. Alisema amefuata ushauri wangu na amechagua kaya aliyoiona kwa macho yake. Akamwambia Bibi, kwa heshima zote, "Mama, nakukabidhi. Maziwa ni yako." Nikamwambia hapana, Mzee, siyo leo. Akasema jambo jema halingoji. Bibi tayari alikuwa ameshika ndoo na amechuchumaa chini ya ng'ombe wa kijivu.

Nilimsihi Mzee Ndalahwa awaondoe. Akauliza kama ushauri umebadilika. Nikasema haujabadilika. Akauliza basi tatizo nini. Nilikuwa bado natafuta tatizo ni nini, kwa lugha ambayo isingeniumbua, wakati mwezeshaji alipoingia uwanjani na Mzee Alois.

Mwezeshaji ni kijana anaitwa Nikodemo. Ana miwani. Aliuliza ng'ombe ni wa nani. Bibi akasema karibu maziwa. Nikasimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, nikijaribu kuonekana kama mtu anayeota jua. Nyuma yangu nikasikia kitu kinatafunwa. Ng'ombe wa kijivu alikuwa ameshika pindo la kitenge. Nikalivuta. Na yeye akalivuta. Ana nguvu. Kitenge kikashuka chote, akaondoka nacho mdomoni, na Nikodemo akasoma ukuta kwa sauti, neno kwa neno, mpaka "kodi."

Akauliza Bibi Hellena ni nani. Bibi, chini ya ng'ombe mwingine, akanyoosha mkono.

Mkutano ulikuwa uwanja wa ofisi ya mtaa. Mtaa mzima ulikuja, hata na watu wa Mollo. Habari za ng'ombe zilikuwa zimefika kabla yetu. Mzee Alois akasema kaya ya Bibi Hellena ina maswali: ina biashara, ina ng'ombe. Mtu nyuma akasema na lami pia ni yake. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Nikaona Tusajigwe kando, amebeba karatasi. Nikajua ni barua. Nilitamani aniokoe, na nikatamani asiniokoe, kwa nguvu zilezile.

Lakini Bibi alisimama kabla ya wote.

Alisema ng'ombe ni wa Ndalahwa, yeye kazi yake ni kukamua. Mzee Ndalahwa akaitikia kwa kichwa. Kitenge, hapo zamani kilikuwa chake. Biashara ni ya Bertha, ila Bertha analitunza jina lake mpaka aajiriwe, kwa hiyo ameazima la bibi yake. "Nami nimempa. Ningemnyima nini? Amesoma mpaka hawezi kulima, na kazi hapati. Anakula ugali wangu anafikiri. Akimaliza kufikiri anakula tena. Mnaniuliza nimeinuka? Nimeinuka wapi, na huyu yuko mgongoni?"



Mama Isdori akasimama akasema hayo ni kweli tupu, yeye mwenyewe alijibiwa kwamba kodi ya marehemu haipo, akaenda kuuliza, ipo. Kijana wa bodaboda akasema alinunua redio kwa ile zawadi. Kila mtu akawa na lake. Mwanamke wa Mollo alikuwa amerudisha nusu mfuko wa mbolea kwa wakala, na wakala hajui aufanye nini hadi leo.

Mzee Alois akauliza: wangapi wanaona kaya ya Bibi Hellena imeinuka? Hakuna mkono. Wangapi wanaona hali ni ngumu? Mikono mingi. Kisha, sijui nani alimtuma, akauliza wangapi wanaona Bertha ni mzigo. Mikono yote. Mzee Ndalahwa alinyoosha na fimbo. Tusajigwe ndiye pekee aliyechelewa. Alinitazama kwanza, kisha akanyoosha nusu.

Nikodemo akauliza kama niliwahi kuandikishwa kwenye kaya. Bibi akasema hapana, wakati wa kuandikishwa nilikuwa chuo. Basi, Nikodemo akasema, kaya hii ina mtu mzima tegemezi asiye na kipato ambaye hakuhesabiwa. Anarekebisha. Bibi anabaki. Biashara ifungwe, ng'ombe warudi kwao, na mgawo wa kaya utaangaliwa upya. Kwenda juu.

Watu wakapiga makofi. Bibi akaniambia nisimame nishukuru. Nikashukuru.

Jumamosi, 13 Julai

Bibi amekubali kufunga biashara kwa sharti moja: aende na kitenge kipya. Cha Pasaka kimetoka kwa ng'ombe nusu. Barua imeandikwa na Tusajigwe. Ni barua nzuri, fupi. Nimeisoma nikitafuta kosa.

Mzee Ndalahwa amewachukua ng'ombe wake. Yule wa kijivu alikataa kuondoka, Bibi akamsindikiza hadi barabarani akimshika sikio. Bibi amenuna tangu hapo. Amesema maziwa yalikuwa matamu.

Jumatatu, 15 Julai

Nimetulia sasa, nimefikiri vizuri, na naona nilipokosea. Nilikuwa nauza majibu. Majibu hata Tusajigwe anayo.

Tazama kilichotokea. Kaya ilikuwa na Bibi peke yake, ikapata kiasi chake. Ikaongezwa mimi, ikasogea juu. Mimi, mhitimu, nisiye na kipato, ninayekula nikifikiri, nimethibitishwa na mkutano halali wa mtaa, kwa mikono yote na fimbo moja. Hakuna mtu mwingine Kizwite mwenye sifa hiyo. Na kaya zenye hali ngumu ziko nyingi: Mama Isdori hapa jirani, wengine Kasense, wengine Mollo. Zote hazina tegemezi wa kiwango changu.

Nitaandikishwa katika kila kaya. Jumatatu na Jumanne nakula kwa Mama Isdori, Jumatano Mollo, na kuendelea hivyo, na mgawo wao ukipanda wananipa sehemu. Kila upande unafaidika. Hata serikali, kwa sababu itakuwa imemfikia mtu mmoja mara nyingi.

Limebaki swali la kama sehemu yangu itakatwa kodi. Nimekaa nalo tangu asubuhi. Naona hapana. Mzigo haukatwi kodi. Anayekatwa ni aliyeubeba.

Nimemtuma mtu amwite Mama Isdori.